Mgiriki Asizikwe Kama Mgeni

Wasifu uliosomwa siku ya kumzika ulisema marehemu alikuwa mtu mpole, mpenda utulivu, aliyeitumikia jamii kupitia biashara yake ya vinywaji. Nilikuwa nimekaa safu ya pili chini ya turubai, nikageuka kutazama kama labda nimeingia msiba wa watu wengine. Sikuwa nimekosea. Picha iliyowekwa mezani, kando ya maua ya plastiki, ilikuwa ya yule yule Mgiriki aliyeuza bia ya moto pale Mtendeni kwa miaka arobaini na ushee, aliyemtukana kila mteja mara moja kabla ya kumhudumia na mara mbili baada ya kumhudumia. Kama yule alikuwa mpole, mimi ni askofu.

Baa yake sitaisifu kwa sababu tu mwenyewe amekufa. Viti vilikuwa vya mbao, na kila kimoja kilikuwa na mguu mmoja mfupi, kana kwamba vilinunuliwa kwa sharti hilo. Redio ilishika stesheni moja, nayo kwa manung'uniko. Friji lilikuwepo, zuri, refu, linafanya kazi. Ndani yake aliweka viatu vyake vya kanisani, jibini aliyotumiwa kutoka kwao, na makaratasi yake ya kuishi nchini ili mchwa wasiyale. Ukimwomba bia ya baridi alikushika paji la uso na kukuuliza homa imekuanza lini.

Kwenye makaratasi hayo aliandikwa kuwa ni mtaalamu. Mtaalamu wa nini, hakuna aliyewahi kugundua, na yeye mwenyewe sidhani kama alijua. Alikuja akiwa kijana kununua pamba huko Igunga kwa niaba ya kampuni fulani. Kampuni ikafungasha ikaondoka, naye wakamsahau kama mtu anavyosahau mwavuli. Akaja mjini Tabora, akapanga nyumba Mtendeni, akaweka viti vyake vibovu barazani na kuanza kutusimanga. Majirani zetu Waislamu, ambao hawakuwahi kuvuka kizingiti chake, walipita kila alasiri wakienda msikitini na kusimama kwenye ngazi dakika mbili tatu ili nao watukanwe kidogo. Fundi cherehani wa jirani aliniambia siku isiyo na matusi ya Mgiriki humwendea vibaya, sindano zinamvunjikia.

Sasa, Mgiriki alipataje ruhusa ya kututukana? Hapa ndipo wasifu ulipaswa kuanzia, na hapa ndipo uliponyamaza kimya.

Mnyamwezi hazikwi bila mtani. Utani wetu na watu wa pwani ulianza kwenye njia ya misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka na meno ya tembo mabegani, huku watu wa huko wakiwatazama na kuona jambo la kuchekesha sana. Tukawacheka nao. Tangu hapo mtani wako akifiwa unakwenda kumharibia huzuni. Unavaa nguo za marehemu, unaigiza alivyotembea na alivyokohoa, unazuia jeneza, unaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wakujibu au wakupe kitu. Hakuna anayekugusa. Ndiyo kazi yako, na msiba usiokuwa na mtu wa kazi hiyo tunauona umepwaya.

Mgiriki hakuwa na habari ya haya yote. Mwaka wake wa kwanza wa kununua pamba, dereva wake wa lori alifariki, naye akaenda kumzika kwao Choma. Alimpenda yule dereva. Alipofika uwanjani akakuta mtu mmoja, Mzaramo, amevaa kofia ya marehemu na kukaa juu ya jeneza akitafuna karanga na kuwarushia wafiwa maganda. Mgiriki hakuuliza. Alimshika ukosi, akambeba juu juu mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua, akamtupa humo. Kisha akarudi, akajifuta mikono, akasimama kando ya jeneza akisubiri kushukuriwa.

Watu walinyamaza mpaka mbuzi wakasikika. Kumtupa mtani mtaroni ni jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona wala kulisikia, kwa hiyo hata adhabu yake haikujulikana. Wazee wakajitenga, wakateta, wakarudi na hukumu: aliyemtoa mtani kazini aifanye kazi hiyo mwenyewe, hadi marehemu afukiwe. Ikabidi aelezwe kwa ishara. Wakamvika ile kofia. Wakamkalisha juu ya jeneza.

Wakati huo Kiswahili chake chote kilikuwa cha kwenye mizani ya pamba. Alikuwa na maneno kama thelathini, na yote ni ya kumwambia mkulima kwamba pamba yake haifai. Kwa hiyo alikaa pale, mwekundu kama nyanya, akafikiri, kisha akashuka, akainua pembe moja ya jeneza kidogo, akatikisa kichwa. Akasema, "Uzito umezidi. Kuna mawe humu." Akainua tena. "Pamba chafu. Daraja la pili. Mnyamwezi, beba, rudisha nyumbani."

Mjane ndiye aliyeanza kucheka. Wanasema alicheka mpaka akashikwa asianguke, na alipomaliza kucheka ndipo akaweza kulia vizuri, kwa maana tangu kifo kitokee alikuwa amekauka. Yule Mzaramo akapanda kutoka mtaroni akiwa tope tupu, akampa Mgiriki karanga zilizobaki. Siku hiyo tukapata mtani ambaye hakuna babu yetu aliyemtarajia.

Baada ya hapo hakukosa mazishi ya Mnyamwezi hata moja Mtendeni nzima, na mengine ya huko vijijini hadi Ziba. Siku ya mazishi alifunga baa. Ndipo wateja wakaanza kutambua kwa nini anawakodolea macho hivyo. Alikuwa akitukariri. Ukikohoa, kule nyuma ya kaunta naye alikohoa taratibu, mara mbili, mpaka ipatikane sawa. Ukiwa na namna yako ya kuvuta suruali kabla ya kukaa, ulimwona akivuta yake. Ulikunywa bia yako ya moto ukijua kabisa kwamba mtu huyu anafanya mazoezi ya mazishi yako, na bado kesho ulirudi.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni. Alipostaafu alikuwa na desturi ya kunywa bia moja kila siku saa kumi jioni kwa Mgiriki. Alitoa saa yake ya mfukoni, akaitazama, akasema, "Treni inaondoka," akamaliza glasi, akaenda nyumbani. Miaka nenda rudi, bia moja, saa ile ile, sentensi moja. Mama alisema ameolewa na ratiba.

Baba alipofariki mimi nilikuwa mwalimu Dar es Salaam na nilikuwa nimestaarabika sana. Ustaarabu ulikuwa umenipanda hadi puani. Nilikuja na gauni jeusi lililoshonwa kwa ajili hiyo, na wenzangu watatu wa shuleni niliotaka waone kwamba kwetu ni watu wa maana. Misa ikaisha, tukafika makaburini, na mara nikamwona Mgiriki anakuja amevaa koti la reli la baba, vifungo vyote vimefungwa, filimbi shingoni. Alitembea kama baba kabisa, kwa kuutanguliza mguu wa kulia. Akasimama mbele ya jeneza, akatoa saa, akaitazama, akapuliza filimbi.

"Abiria wa mwisho, panda," akasema. "Umechelewa. Mkeo kachoka kukungoja uondoke."

Watu walianza kucheka. Nilimwona mama amejifunika mdomo kwa kanga. Nami nikasimama mbele ya wote, mbele ya wenzangu wa Dar, nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Tafadhali, heshima kidogo. Huyu ni baba yangu."

Kicheko kilikatika. Mgiriki alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa kweli nilitaka anitukane ili nimtolee yaliyokuwa yamenijaa kifuani. Hakunitukana. Alifunga saa, akavua koti la baba, akalikunja polepole kama muuza kanga anavyokunja kanga, akaliweka kwenye kiti na filimbi juu yake. Akasema, "Sawa, mwalimu." Akaondoka kwa mguu, kwa mwendo wake mwenyewe.

Tukamzika baba kwa utulivu mkubwa. Wenzangu wakanipongeza kwamba mambo yamekwenda kwa utaratibu. Nilijiona nimeuokoa ukoo mzima.

Matanga yalipoanuliwa mama aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani na lile koti mapajani. Akasema, "Koti hili baba yako mwenyewe ndiye aliyempa Mgiriki, akiwa anaumwa. Walikubaliana zamani, atakayetangulia mwenzake amvalie." Nilianza kusema kitu kuhusu wageni na heshima, akaninyamazisha kwa mkono. "Umemzika baba yako kama mgeni," akasema. "Kama mtu aliyeshushwa kwenye treni hajulikani, akafia stesheni, watu wakamfukia kwa huruma."

Mama hajawahi kunipiga maishani. Siku ile alilipa deni la miaka yote kwa mkupuo mmoja. Lile koti hakulikunjua tena. Mpaka leo limo kwenye sanduku lake, limekunjwa vile vile alivyolikunja Mgiriki.

Nilihamia Tabora mwaka uliofuata ili nimtunze mama, na Jumamosi ya kwanza nikaenda baa kuomba radhi. Nilikuwa nimeiandaa hotuba, ina utangulizi na hitimisho. Nikakaa kwenye kiti cha mguu mfupi. Mgiriki akaja na soda ya moto ambayo sikuiagiza, akaiweka mezani, akasema, "Mnyamwezi aliyesoma. Zamani mlibeba meno ya tembo mpaka pwani mkarudi na shanga. Wewe umebeba vitabu mpaka Dar, umerudi na nini?"

Nikamjibu, "Nimerudi na picha za kwenu. Nimeona mahekalu yenu, nguzo tupu, hakuna hata bati moja. Nchi nzima mmeshindwa kuezeka."

"Tulikuwa tunangoja Wanyamwezi walete mabati kichwani," akasema, akaenda kuhudumia watu wengine.

Hotuba ikabaki mkobani. Nikasema nitaomba radhi Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo akaniita mzigo uliokosa mbebaji, nikamwita pamba ya daraja la tatu, na radhi haikupata nafasi ya kupita. Ikawa hivyo kwa miaka ipatayo ishirini. Nilidhani analipiza kisasi. Ilinichukua muda mrefu, mimi niliyefundisha watoto wa watu kufikiri, kutambua kwamba mtu asiyekusamehe hakutanii. Na hata nilipotambua sikusema. Niliona haya. Nilikuwa nakunywa soda ya moto na aibu yangu, na kila nilipokohoa nilimsikia akikohoa nyuma ya kaunta.

Alikufa mchana, baada ya kula ugali na samaki wa kukaanga, akiwa kwenye kiti chake. Mama wa jikoni, aliyempikia tangu baa inafunguliwa, alidhani ni utani wake. Alimgombeza robo saa nzima kwamba amekwisha kuwa mtu mzima, aache upuuzi, ainuke vyombo vitolewe. Aliponisimulia hili hakuweza kumaliza, nami sikuweza kumsaidia.

Kisha ikaundwa kamati. Tabora mtu akifa, huzuni husubiri kwanza kamati iundwe. Mwenyekiti wetu ni mstaafu mwenzangu, mwenye kitambi na sauti ya redioni, mwanamume aliyetukanwa na Mgiriki tangu akiwa na nywele. Mpwa wa marehemu akawasili kutoka ughaibuni, mtu wa makamo, na suti nyeusi ya sufu kwenye jua letu la Oktoba. Alikuwa na adabu na macho mekundu. Akawaomba kamati kwa Kiingereza kwamba mazishi yawe ya kimya na ya heshima. Ombi dogo, la haki kabisa. Mwenyekiti, kwa furaha ya kuonyesha kwamba na sisi ni watu, akatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la msiba: "Familia inaomba staha. Utani hautaruhusiwa."

Wanyamwezi wa Mtendeni nzima, watani wake wote, tukajibu kwa vile vikono viwili vya kuomba. Nilihesabu vikono mpaka nikachoka. Na mimi nilituma vyangu.

Asubuhi ya mazishi nilimkuta mama ameamka, ameketi. Anakaribia miaka tisini na haoni vizuri, lakini habari za mtaa humfikia kabla ya simu yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia mmekataza utani."

"Ni familia yake, mama. Mpwa wake ndiye ameomba."

"Mpwa hajui. Mgeni haelewi. Na wewe?" Akanigeukia. "Mara ya kwanza ulikuwa mjinga. Hii ya pili utasema nini?"

Nilimwambia wenzake Mgiriki, wale waliomjua vizuri, wote wamekufa. Aliwazika yeye mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kofia na fimbo zao. Nani amebaki wa kumfanyia?

"Hilo ndilo ninalokuuliza," mama akasema, akanigeuzia kisogo.

Basi ndivyo nilivyofika pale chini ya turubai kusikiliza kwamba marehemu alikuwa mpole. Padri wetu alikubali kuongoza sala baada ya kuelezwa kwamba Waorthodoksi ni kama sisi, wametuzidi ndevu tu. Mwenyekiti akazungumza. Mtu wa leseni za biashara akazungumza. Wote wakamsifu kwa sifa ambazo ungeweza kumpa mtu yeyote, hata ukuta. Nilimtazama mpwa. Alikuwa akisikiliza kwa makini, akijaribu kumtambua mjomba wake katika maneno yale, na niliona kwamba hamuoni. Nilijua uso ule. Nilikuwa nao mimi, siku ile nilipopongezwa kwa utaratibu.

Nikainuka, nikazunguka hadi jikoni mwa baa. Mama wa jikoni alikuwa peke yake, amekaa juu ya kreti. Nikamwambia, "Nipe aproni yake na kofia."

Alinitazama. "Mwalimu, wewe hujui kuchekesha," akasema.

"Najua. Nipe hivyo hivyo."

Nilitangulia makaburini kwa bodaboda, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, aproni ya baa juu ya gauni la msiba, kofia ya majani iliyotoboka kichwani. Dereva hakuniuliza kitu, na kwa hilo namshukuru. Wanaume wawili walikuwa wakisawazisha kingo za kaburi. Nikawaambia naingia. Wakatazama kofia, wakaelewa, wakaleta ngazi. Magoti yangu yalilalamika kila kipandio. Nilimwambia Mungu kwamba hii ni ziara tu, asije akafunga hesabu.

Chini kulikuwa na baridi na harufu ya udongo mbichi. Nikakaa, mgongo ukutani. Msafara ulikuwa bado haujafika, na kwa mara ya kwanza tangu afe nilikuwa peke yangu naye, au tuseme na mahali pake. Nikasema, "Nisamehe kwa siku ile. Baba alikupa koti nami nikakuvua." Nilimwambia udongo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa bado njiani kwenye pikapu, anachelewa kama kawaida yake. Miaka ishirini ya hotuba, na ilikuwa na urefu huo tu. Nililia pale mpaka kofia ikaniangukia usoni.

Nikasikia magari, kisha minong'ono, kisha sauti ya mwenyekiti ikisema haiwezekani, haiwezekani, kama mtu aliyeona ng'ombe darini. Vichwa vikajitokeza pembeni ya shimo. Kimojawapo kilikuwa cha mpwa. Alikuwa amevua koti na jasho lilimtiririka. Alinitazama nilivyokaa, na aproni ya mjomba wake, na kofia ya mjomba wake.

Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini sana, "Tafadhali, heshima kidogo. Huyu ni mjomba wangu."

Maneno yale yale. Nilidhani nitamkasirikia, kumbe nilimhurumia. Mgiriki aliyaheshimu maneno hayo. Alikunja koti akaenda zake, kwa kuwa chini ya matusi yake yote alikuwa na adabu kuliko sisi. Mimi adabu hiyo sina.

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha ubaoni, "Nilimwambia mjomba wako hivyo hivyo kwenye mazishi ya baba yangu. Akanisikiliza. Nimejuta mpaka leo. Kwa hiyo mimi sitoki."

Nikamweleza, nikiwa nimekaa humo humo. Nilimweleza habari ya dereva wa Choma na mtaro, na mjomba wake akipima jeneza kwa mkono. Nilimweleza kwamba hapa anayeachwa azikwe kimya ni mtu asiyejulikana. "Mjomba wako anajulikana," nikasema. "Kaburi lenyewe tumelichimba bila paa ili ajisikie yuko kwao." Wanyamwezi wawili watatu wakaguna kicheko, wakakimeza.

"Unataka nini?" akauliza.

"Nitukane. Ukinitukana nitatoka."

"Siwezi. Una umri wa mama yangu."

"Hapo umeanza vizuri. Endelea."

Akapiga magoti ukingoni, suruali ya sufu kwenye udongo. Kisha akasema kwamba mjomba wake alimpigia simu kila Jumapili, tangu yeye ni mtoto, na kila mara, kabla ya kukata, alimalizia na maneno ambayo hakuwahi kumfafanulia maana yake. Alidhani ni namna ya kuagana. Akafuta uso, akayasema, kwa lafudhi ile ile, kwa ukali ule ule wa kwenye mizani.

"Mnyamwezi, beba."

Wote walimsikia Mgiriki. Halafu kicheko kikalipuka makaburi mazima. Padri alicheka, mwenyekiti alicheka akashika kitambi, mama wa jikoni alicheka huku ameketi chini, na mpwa alitutazama sote haelewi amesema nini, kisha naye akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Wakaniteremshia ngazi. Nikatoka na udongo mwili mzima.

Nilimvika kofia yeye. Tukaenda wote hadi kwenye pikapu. Wanaume walikuwa wameshika jeneza tayari, na kwa desturi mwanamke hashiki, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na nguvu za kunizuia. Nikaingiza bega pembe ya mbele, mpwa akashika pembe ya pili. Tukainua. Mjomba wake alikuwa mnene maisha yake yote na kufa hakukumpunguza.

Tulipopiga hatua ya kwanza nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Mgiriki, uzito umezidi. Kuna mawe humu." Nikasubiri. Nilisubiri kweli, kwa mazoea ya Jumamosi zote zile, masikio yamesimama. Hakunijibu, nasi tukambeba.